Waya wa mita 20 unavyovuka mlima

Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Je, siku minara nayo ikizimika, sisi wa Chimala tutapelekaje habari Matamba, juu ya kona 57?

Redio za mkononi, kama za walinzi, hazitoboi mlima. Lakini watu wa redio za ridhaa, ambao nchini kwetu majina yao ya hewani huanza na 5H, wana mbinu. Hukata waya wa mita 20 hivi, huugawa katikati na kuunganisha redio hapo, kisha huutundika mita 5 hadi 10 tu kutoka ardhini. Mchana, kwenye masafa ya megahezi 7, mawimbi hupanda juu angani na kurudi chini, yakafika kilomita mia kadhaa pande zote. Betri ya gari inatosha.

Ila kurusha bila leseni ya TCRA ni kosa, na biashara hairuhusiwi. Mafundi redio na vijana wa sola, tuanze sasa. Klabu haiundwi siku ya maafa.