Pumba kwa kuku, kisukari kwetu



Natoa dukuduku langu kuhusu kasumba inayozidi kuota mizizi mijini, ya kudharau chakula chetu wenyewe na kukiita chakula cha kimaskini.

Sisi wakazi wa Mwembesongo hapa Morogoro tuna bahati ya kuwa jirani na milima ya Uluguru. Kutoka Mgeta, Kinole na Matombo hutujia mboga za majani, ndizi, maharage, mdalasini na karafuu. Lakini mtoto wetu akipewa hela ya kula shuleni, anachokikuta langoni ni mandazi, chipsi na soda. Nyumbani anakuta ugali wa sembe mweupe pe. Mgeni akija, mwenye nyumba anaona aibu kumwandalia dona na mlenda!

Wananchi wenzangu, kasumba hii tunailipia kwa afya zetu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi waliofanya katika vijiji vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kweli, umri na namna ya kupima havikuwa sawa, na unene na kukaa bila kazi za mikono navyo vina sehemu yake. Hata hivyo, mwenye macho haambiwi tazama.

Wataalamu wanatueleza kwamba mimea ina vitu viitwavyo polifenoli. Ndivyo vinavyochangia wekundu wa mtama na maharage, ukakasi wa zambarau na uchungu wa chai ya rangi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hufika katika utumbo mpana bila kusagwa, pamoja na makapi ya nafaka na mboga. Huko wamo bakteria wema wanaovila na kutoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Bakteria hao wakikosa chakula chao, ukuta hudhoofu, na kinga huweza kukaa katika hali ya mapambano wakati wote. Hali hiyo huizuia insulini kufanya kazi yake, na sukari hubaki katika damu.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa nchini. Mwezi Aprili 2025 watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walitangaza matokeo ya jaribio la wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Watu wa vijijini walioacha chakula chao cha asili kwa wiki mbili tu na kula cha kizungu, damu yao ilionyesha dalili za kinga iliyochafuka. Wa mjini waliorudia chakula cha asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili hazitoshi kumpa mtu kisukari wala kumwepusha nacho, lakini zimetuonyesha njia inakoelekea.

Wapo watakaosema dona ni ghali au linaharibika upesi. Mashineni anayesaga dona halipi gharama ya kukoboa, wala hapotezi kilo za pumba. Tunapokoboa mahindi, sehemu kubwa ya makapi na polifenoli huenda na pumba, na pumba tunawapa kuku. Wanaofaidi ni kuku! La muhimu ni kuyakausha mahindi vizuri ili kuepuka sumukuvu, na kusaga kidogo kidogo.

Nawaonya pia wale wanaouza unga wa mdalasini au wa ubuyu na kuuita dawa ya kisukari. Kiungo ni chakula, si badala ya insulini wala vidonge. Mgonjwa asikubali kuacha dawa zake kwa maneno ya mtaani. Anaweza kupoteza macho, miguu au maisha.

Kwa hiyo naiomba Manispaa yetu na kamati za shule waanze na sufuria za watoto: dona, maharage na mboga za majani, na soda ziondolewe langoni. Nao viongozi waonyeshe mfano katika mikutano yao. Mkulima wa Uluguru atapata soko, na mtoto wa mjini atapata afya. Chakula hiki kinapita mbele ya milango yetu, basi tukinunue na tukile bila kuona haya.

Mkazi wa Mwembesongo,
Morogoro.