STAA WETU WA TUKUYU, MAMA WA SUMA SIYO KODI

Jamani tuongee. Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni, ila ni mtoto wa Rungwe kabisa, amekulia migombani kama mimi, ana wafuasi wa kutosha na gari analopiga nalo picha kila Ijumaa. Wiki hii kaachia klipu ya dakika mbili anawafundisha vijana kupanga bajeti. Nimeirudia mara tatu nikidhani nimesikia vibaya. Somo lenyewe ni hili: maisha yamepanda, sawa, ila tatizo lako kijana ni kulalamika, soda, bando na kile anachokiita "kodi ya ukoo". Hiyo ya mwisho ndiyo hela unayotuma kijijini. Anasema ikate miaka miwili tu, uone kama hujafungua biashara.

Chini ya klipu watu wamejaza vidole gumba. "Umeongea kaka." "Ndugu ndio wanaturudisha nyuma." Wengine wamewatag mpaka kaka zao.

Mimi nina watu Suma. Yeye pia ana watu huko huko Rungwe, na hilo ndilo limenichefua. Angekuwa mtoto wa Masaki ningesema hajui. Anajua.

Sasa twende kwenye namba, maana yeye hakuweka hata moja.

Chukua dada anayekaa kaunta kwenye duka la nguo Kariakoo. Mkataba upo, mshahara 400,000. Wengi mnaosoma hapa mnautamani huo, najua. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 40,000. Inabaki 360,000. Hapo 270,000 ya kwanza haiguswi, na 90,000 inayozidi inakatwa asilimia 8, sawa na 7,200. Kama alisoma chuo kwa mkopo, Bodi inabeba asilimia 15 ya mshahara, 60,000 nyingine. Anashika mkononi 292,800.

Tuseme chumba chake ni cha 80,000, huko ndani ndani Kimara. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli ya chini ni 600 tangu Desemba 2023. Hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Imebaki 150,400. Gawa kwa siku 30 unapata elfu tano na shilingi kumi na tatu. Hapo bado hajala. Hajanunua maji, umeme, gesi, mafuta ya kupikia, pedi, sabuni, hajachangia msiba wa jirani wala sendoff ya mfanyakazi mwenzake. Na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Dada huyu akituma 30,000 Suma, ile elfu tano ya siku inakuwa elfu nne. Staa anamwambia airudishe hiyo buku. Haya, airudishe miaka miwili bila kukosa mwezi, anapata 720,000. Kaka, wewe unaijua Kariakoo. Kwa 720,000 unafungua biashara gani? Haitoshi hata kilemba cha fremu.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema NSSF ni akiba yake mwenyewe na mkopo wa Bodi ni deni lake halali. Kweli kabisa, sibishi. Kodi ya wazi kwenye mshahara wake ni hiyo 7,200 tu. Lakini hicho kiwango cha 270,000 ambacho hakiguswi kiliwekwa Julai 2020, na tangu hapo kimekaa palepale. Hata ukichukua mfumuko wa bei kama unavyotangazwa, asilimia 3 mpaka 4 hivi kwa mwaka, miaka mitano tu inatosha bei kupanda karibu moja ya tano. Mshahara ukipandishwa kidogo ili ufidie mchele na mafuta, kipande kilichoongezeka ndicho kinachoingia kwenye kodi. Unapandishwa ukakatwe.

Halafu kuna kodi zisizokuja na karatasi. Sabuni ukilipia 1,180, humo kuna VAT ya 180. Bando ndio usiseme: linapigwa kwanza ushuru wa bidhaa, kisha juu yake VAT asilimia 18. Ukinunua bando la buku, zaidi ya robo yake hujapewa intaneti, umelipa kodi. Yaani ile klipu ya kutufokea tupunguze bando, tumeitazama kwa bando linalokatwa zaidi ya robo kabla hata haijafunguka. Mafuta ya gari nayo yaliongezewa shilingi 100 kwa kila lita kwenye bajeti ya 2023. Ukisema hauna gari, nenda kamuulize konda hiyo mia anaipata wapi.

Na LUKU! Hapa ndipo huwa naishiwa pozi. Agosti 2021 kodi ya majengo ilihamia kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Nyumba siyo yako. Huwezi kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo anayelipa kodi ya jengo la mtu ni wewe. Tuliambiwa mpangaji akae na mwenye nyumba wakatane kwenye pango. Nani kati yenu amewahi kumkalisha mama mwenye nyumba akamwambia "naomba unirudishie elfu kumi na nane yangu ya mwaka"? Atakurudishia mabegi yako nje.

Staa wetu hayo yote hakuyaona. Alichoona ni thelathini ya bi mkubwa.

Basi tuifuate hiyo thelathini mpaka Suma, maana yeye alisema "inapotelea kijijini". Tozo ya miamala mnaikumbuka? Ilianza katikati ya Julai 2021, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya mtandao wenyewe. Nchi ikawaka. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000. Oktoba 2022 wakafuta nyingine tena. Julai 2023 tozo ya kutuma ikaondoka, ikabaki ya kutoa.

Rudia hapo: ikabaki ya kutoa. Wewe wa mjini ukapumua. Mtu gani Suma analipia sukari kwa simu? Muuza duka anataka noti, bodaboda anataka noti, mwenye mashine ya kusaga anataka noti. Mama lazima aitoe, na akiitoa anakatwa. Kwa hiyo tozo iliyobaki imehama kutoka kwa kijana mwenye mshahara ikaenda kukaa kwa mama mwenye migomba. Ndiyo maana tangu zamani tunaambiana "tuma na ya kutolea". Watu wanaichekea kwenye vichekesho kama kauli ya omba omba, kumbe ni mzee anayekuomba usimwachie kodi yeye.

Sasa nikuulize, kaka staa. Hiyo tozo ilishuka kwa sababu vijana walibana matumizi? Waliacha soda? Ilishuka kwa sababu watu walipiga kelele, mitandaoni, vijiweni, kwenye daladala, mpaka ikarudishwa mezani mara nne. Hicho unachokiita kulalamika kilituokolea hela nyingi kuliko bajeti yoyote ya kwenye daftari. Na wakati ule ulikuwa wapi? Ukurasa wako ulikuwa na picha za bwawa la kuogelea.

Mtu akipatwa anajua. Julai 2024 ilipokuja kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui, sikusikia mtu wa aina yako akisema "tatizo letu ni kulalamika, tuache kununua viatu". Ghafla kodi ikawa neno zito. Karibu sana kwenye klabu, sisi wengine tumo tangu kwenye sabuni.

Turudi nyumbani, maana anasema kijiji kinakula tu hakirudishi. Huyu mtu amesahau ndizi? Nenda pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, uulize mikungu inatoka wapi, halafu uhesabu mara ngapi utatajiwa Tukuyu. Uliza maparachichi. Uliza chai yako ya asubuhi. Rungwe mvua hainyeshi kwa kuomba, udongo wa volkano, kila kitu kinaota, na bado anayekilima ni maskini kuliko anayekipakia kwenye lori. Mkungu unauzwa kwa macho, mnunuzi anautazama, anasema bei, anaondoka. Viazi vinafungwa lumbesa, gunia lina kichwa juu kama kilemba cha bibi harusi, wakati sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100. Mama anauza gunia moja, mnunuzi anaondoka na moja na nusu. Hiyo nusu haina risiti, haiendi serikalini wala haimrudii mkulima.

Mwaka 2022 mbolea ya DAP ilifika zaidi ya 131,000 kwa mfuko. Nawapa haki yao, serikali iliweka ruzuku, ikazinduliwa Nane Nane pale pale Mbeya, mfuko ukashuka mpaka 70,000. Bei kumbe inashuka mtu akiamua. Lakini mtu asiye na hiyo 70,000 ruzuku anaisikia redioni tu. Na nani anaijazia? Yule dada wa kaunta Kariakoo, kwa ile buku yake ya siku. CHF iliyoboreshwa, bima ya kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, ilikuwa hiyohiyo 30,000. Elimu haina ada tangu 2016, vizuri, ila daftari, sare na michango havijawahi kusikia tangazo hilo. Hela ya mjini ndiyo inayofanya huduma ya bure itumike.

Na inarudi. Siyo kwenye simu, inarudi kwenye buti la basi. Kilomita kama 900 kutoka Tukuyu mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, kiroba cha ndizi, maharage, maparachichi yamefungwa kwa gazeti. Wiki nzima geto linakula. Ukipoteza kazi, ni nani atakupokea bila kukuuliza mkataba? Binamu yangu mmoja alirudi Suma baada ya kazi kuisha ghafla, akakaa miezi saba, akala, akalima, akarudi mjini na nauli aliyopewa na bibi yake. Mfuko gani wa jamii unatoa hivyo?

Nikiri kitu kimoja: wapo ndugu wasumbufu. Mjomba anayepiga simu saa mbili usiku kila tarehe 28, wa michango ya kamati tatu kwa mwezi, wa "nirushie ya vocha" na wala vocha hanunui. Hao waambie hapana, haihitaji staa. Kumkatalia mjomba mlevi ni jambo moja, kumwita mama yako kodi ni jambo lingine.

Lakini niambie hili pia, maana ndiyo sehemu inayouma. Shuka kwenye ukurasa wake chini ya hiyo klipu ya bajeti. Siku mbili kabla, tangazo la mikeka: "weka jero upige milioni". Wiki moja kabla, programu ya mkopo wa haraka, ile kausha damu ya kwenye simu, inayompigia simu bosi wako na shemeji yako ukichelewa siku moja. Kwa hiyo mpango wake kamili ni huu: usimtumie mama 30,000, ibetie. Ukiliwa, kopa. Na yeye analipwa kwenye zote mbili. Hiyo kwenye klipu hakuiita kodi. Mimi ningeiita hivyo, maana ndiyo peke yake ambayo wewe unaikusanya.

Na Desemba tunajua. Utapanda Tukuyu na gari la kukodi, utapiga picha na ukungu wa asubuhi, utashika mkungu begani, utaandika "nyumbani ni nyumbani, ndaga fijo". Mama atachinja jogoo. Atakufungia ndizi za kurudi nazo. Utazipokea.

Juni bajeti inasomwa tena Dodoma. Una wafuasi wengi kuliko wabunge wa mkoa mzima. Toa klipu nyingine ya dakika mbili, uulize ile 270,000 itasogea lini, na tozo ya kutoa inabaki kwa mama wa Suma mpaka lini. Mimi nitaisambaza mwenyewe, kwa bando langu.