Mwezi Juu ya Maji

Mama mmoja ametuuliza iwapo yafaa kutundika ukumbini nakala ya picha ya Ivan Aivazovsky, bahari usiku wa mbalamwezi. Mchoraji huyo, Muarmenia wa Crimea aliyezaliwa 1817, kazi zake zilipamba hata kasri la masultani wa Uthmaniya, Dolmabahçe, mjini Istanbul. Mwezi wake huteremka majini ukatandika njia ya fedha, na mawimbi ya kando yakabaki meusi. Alichora kwa kumbukumbu, kwani wimbi halimngoji mtu. Ibn Abbas, radhiyallahu anhuma, alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Bahari na mwezi vimo humo. La kuangaliwa ni mabaharia mashuani. Achague nakala isiyo nao, aitundike.