KIPANDE MLANGONI MWA KLABU YA JAZZ



Yuko ndugu mmoja katika tawi letu asemaye kwamba siasa isiingizwe katika muziki. Aliyasema hayo tulipokuwa tukisikiliza santuri za bendi ndogo za swing za New York, watu sita au saba tu na vyombo vyao. Tunakubali, muziki ule ni mtamu. Teddy Wilson akianza piano yake, hata mzee wa magoti mabovu hutikisa mguu. Lakini tunamwuliza ndugu yetu: aliyetangulia kuingiza siasa ni nani, mpiga muziki au polisi?

Pale Harlem ilikuwapo Cotton Club. Duke Ellington aliongoza bendi humo tangu 1927. Jukwaani weusi, mezani Wazungu. Mwenyeji wa mtaa ule ule, akiwa mweusi, alirudishwa mlangoni! Mwaka 1938 Barney Josephson, aliyekuwa muuza viatu, akafungua Café Society, na watu wa rangi zote wakaketi pamoja. Huko Teddy Wilson alipiga na bendi yake ndogo, na huko Billie Holiday aliimba, mwaka 1939, wimbo wa kulaani kunyongwa kwa weusi bila hukumu. Mwaka 1947 nduguye Josephson aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowawinda Wakomunisti, akakataa kujibu. Magazeti yakaishambulia klabu, biashara ikaanguka.

Tena kulikuwa na kadi ya polisi. Tangu 1940, kila aliyefanya kazi katika klabu ya New York yenye kuuza pombe alipigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akapewa kadi. Bila kadi, hakuna kazi. Waliovikwa kipande shingoni kule Kenya wangaliitambua mara moja.

Billie Holiday alifungwa mwaka 1947 kwa kosa la dawa za kulevya. Alipotoka mwaka 1948 aliimba Carnegie Hall, ukumbi ukafurika, kwa kuwa ukumbi ule haukudai kadi. Lakini klabu ndogo, zilizokuwa riziki yake ya kila usiku, alifungiwa. Mpiga piano Thelonious Monk naye alinyang'anywa kadi mwaka 1951, akakaa miaka sita hivi.

Tutaambiwa kwamba Billie alivunja sheria. Ndiyo, alivunja, na kifungo akakitumikia. Je, mwashi akitoka jela hunyang'anywa mwiko wake? Na anayemnyang'anya anataka ajenge kwa nini, kucha?

Kadi ile ilifutwa mwaka 1967. Billie alikwisha kufa tangu 1959.

Jumamosi tutazisikiliza tena santuri zile, na ndugu yetu tumemwalika. Chai ipo. Aje na jibu.