Kazi ya Masista na Wajibu Wetu



Katika jumuiya zetu ndogondogo, kuanzia Zegereni hadi Kisarawe, husikika mara kwa mara lawama kwamba masista wa leo si kama wale wa zamani. Wanaosema hivyo husahau historia iliyoanzia jirani na kwetu.

Januari 1888 masista wanne Wabenediktini waliwasili Dar es Salaam pamoja na padre na mabruda, wakafungua misheni Pugu, karibu na Kisarawe. Huko waliwalea watoto waliokombolewa utumwani. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilivamiwa na kuteketezwa. Sista Martha Wansing aliuawa pamoja na mabruda wawili. Wenyeji waliwahesabu wamisionari kuwa upande mmoja na watawala wageni, na ukweli huo hatupaswi kuuficha.

Utume wenyewe uliendelea kwa sura nyingine. Mwaka 1927 Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alianza kutibu wagonjwa Ndanda. Mwaka 1938 shirika la masista wazalendo lilianzishwa Chipole. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwataka watawa wairudie roho ya waanzilishi wao na kuyapima mahitaji ya nyakati. Serikali ilipotaifisha shule kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, watawa walilazimika kujiuliza upya mahali pao ni wapi.

Leo masista wamerudi kwa mtoto yule yule wa Pugu. Mwaka 2009 wakuu wa mashirika ya masista duniani waliunda mtandao wa Talitha Kum kupinga biashara ya kuuza watu, biashara ambayo Tanzania iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008.

Ndugu, binti huchukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kufua na kupika usiku na mchana bila mshahara. Pengine mwajiri wake husali nasi kila Jumapili. Kabla ya kuwalaumu masista, kila jumuiya na iulize nyumba kwa nyumba: msichana wa kazi ana umri gani? Analipwa? Anapumzika? Anaruhusiwa kuwasiliana na wazazi wake?

Masista hawawezi kuingia jikoni mwa kila muumini. Huko tunaoingia ni sisi wenyewe.