Kiti cha Susan

Wako wasemao kwamba picha ya mtoto asiyeweza kutembea humhuzunisha msomaji mdogo. Heri isichorwe, au mtoto huyo aponywe kabla ya hadithi kwisha. Johanna Spyri alifanya hivyo katika Heidi mwaka 1881: Clara aliachishwa kiti chake milimani, kana kwamba furaha haiketi. Kauli hiyo naikataa. Katika Susan Laughs cha Jeanne Willis, kilichochorwa na Tony Ross mwaka 1999, Susan hucheka, hubembea, huhuzunika, na kiti chake cha magurudumu huonekana mwishoni tu. Nakisifu kitabu hicho, lakini nina ugomvi nacho. Kwa nini kiti kifichwe? Mwenyewe hangoji ukurasa wa mwisho ndipo akikalie. Lugha yetu, pamoja na ukali wa majina yake, imewatangulia wachoraji: twasema kiwete amekuja, kipofu anacheka. Jina lina kiambishi cha kitu, ila kitendo humkiri mtu. Je, mtoto atakayekiona kiti jaladani hatashangaa? Atashangaa mara moja, kisha atauliza huenda kasi gani.