Kinga Iliyofichwa Nyuma ya Ua



Jumamosi moja, muda mfupi kabla ya mkutano wenu hapa Katanika, nilimwona kijana mmoja wa kwaya akiegesha baiskeli yake nyuma ya ua wa jirani, mbali kidogo na kanisa. Juu ya chuma cha nyuma palikuwa na mfuko wa unga wa muhogo uliotoka kusagwa, na kando yake zilining'inia bidoni mbili za maji. Akaifunika yote kwa kikwembe kikuukuu, akajipangusa vumbi, akaja kwa miguu kama mtu aliyeshushwa na pikipiki penye njia panda. Baada ya mkutano nilimwuliza kwa nini. Alinijibu kwa heshima: «Papa, wakiniona na kinga yenye mizigo watasema kwetu hakuna kitu.»

Sikumlaumu. Ninawalaumu ninyi, nami nikiwa miongoni mwenu, kwa maana aibu ile hakuizaa yeye. Tumempa sisi, kwa macho yetu, kwa vicheko vyetu vya chini chini, na kwa namna tunavyompisha mwenye pikipiki na kumpigia kelele mwenye baiskeli ajitenge njiani. Tena katika mkutano uleule tulizungumza karibu saa nzima jinsi ya kuchanga fedha ili kikundi kinunue pikipiki. Kwa kazi gani? Kuleta maharagwe ya sikukuu kutoka sokoni. Kupeleka sufuria na mikeka kwenye matanga. Kumpelekea maji na makala mgonjwa wa shirika letu. Hapakuwa na kazi hata moja katika orodha ile ambayo haikuwa ikifanywa, saa ileile, na chombo kilichofichwa nyuma ya ua.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira hiyo ikanifanya nijipime kwanza mimi. Kwa muda wa mwezi mmoja niliandika katika daftari kila safari ya nyumba yetu: nani alitoka, alikwenda wapi, alibeba nini, alitumia chombo gani. Unga wa kusaga. Sombe na ndakala wa jioni. Makala. Mtoto kwenda shule akiwa amechelewa. Sabuni iliyosahauliwa, ambayo ilihitaji safari yake peke yake. Nyingi sana za safari hizo zilikuwa za mwendo usiozidi robo saa kwa baiskeli, na karibu zote tulizilipia pikipiki. Ni mbili tu zilizohitaji mota kweli. Sikuona tena haja ya kumwuliza mke wangu fedha za mwezi zinakwenda wapi, na yeye, kwa busara yake, hakunikumbusha ni mara ngapi nilikuwa nimemwuliza.

Petroli tunayoichoma haitoki Lukuga. Hutujia kwa meli juu ya ziwa au kwa barabara ndefu inayokatika kila msimu wa mvua, kisha humwagwa katika chupa na kupangwa juu ya meza na wale tunaowaita Kadhafi. Meli ikichelewa, bei hupanda asubuhi ileile, na pamoja nayo bei ya safari, na pamoja na safari bei ya muhogo. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba na barabara za Kalemie, tulijifunza jinsi uzi unaotufunga na chupa ile ulivyo mwembamba. Baiskeli haijui bei ya petroli. Hula bukari ya mwenyewe anayeiendesha, ambayo angeila kwa vyovyote vile.

Lakini fedha si jambo linalonichoma zaidi. Chukueni bidoni moja ya maji ya lita 20. Uzito wake ni kilo 20, mbali na bidoni yenyewe. Mama au dada yenu huibeba kichwani, moja kwa safari moja. Nyumba ikihitaji bidoni tatu kwa siku, ni safari tatu za kwenda na tatu za kurudi, shingo ikiwa imekaza, mtoto mgongoni. Baiskeli iliyoimarishwa kidogo tu huchukua zote tatu kwa mara moja. Sasa niambieni: katika nyumba ngapi za shirika lenu ninyi wenyewe mmeiona baiskeli ikiwa imeegemea ukuta, ikimngoja baba au kaka apate hamu ya kwenda kutembea, huku mama akipita mbele yake na bidoni kichwani? Mimi nimeona nyingi. Yangu ilikuwa mojawapo kwa miaka.

Hapa ndipo hoja ya «umaskini» inapojivua nguo. Tunasema baiskeli ya mizigo ni chombo cha maskini, lakini hatukuona umaskini wowote katika kichwa cha mama kilichogeuzwa kuwa chombo cha usafiri. Aibu yetu huanza pale tu mzigo unapomhusu mwanamume mbele ya watu. Kijana anayeona haya kusukuma unga kwa baiskeli haoni haya kuula unga huo ukiwa umeletwa na dada yake kwa miguu. Semeni nimekuwa mkali. Semeni pia ni wapi nimekosea.

Wako wanaonijibu kwamba huko ng'ambo watu wameendelea, nao huendesha magari. Nendeni basi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mji wenye fedha za kununua gari lolote. Humo, kwa hesabu ya mji wenyewe, karibu familia moja kati ya nne zenye watoto wawili au zaidi ina baiskeli ya mizigo: kisanduku kipana mbele ya mwendeshaji, watoto wameketi ndani pamoja na mkate na mboga. Uholanzi, waokaji na wauza maziwa walitumia baiskeli za namna hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20, na leo wazazi wenye vyeo hupelekea watoto wao shuleni. Hakuna anayeificha nyuma ya ua. Huko Vietnam, mwaka 1954, maelfu ya wachukuzi walisukuma baiskeli milimani, kila moja ikiwa na kilo 200 na zaidi za mchele na risasi, na jeshi la Ufaransa lililokuwa na ndege na malori likashindwa Dien Bien Phu. Sisifu vita, nasema tu kwamba majenerali waliokidharau chombo hiki walijuta.

Na tusiende mbali. Goma, katika njia panda kubwa ya mji, wameweka sanamu ya mtu anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho vijana wa Kivu hubebea viazi, makala na mbao. Wameipaka rangi ya dhahabu. Watu wa Goma wana taabu zao nyingi, lakini walijua ni nani aliyelisha mji wao, wakamweka juu ya nguzo. Sisi wa Kalemie tungemweka nani?

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa nchi hii wangepaswa kulijua kabla ya kuicheka baiskeli. Mwaka 1888, huko Belfast, mganga wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipata hati ya gurudumu la mpira lenye hewa, alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Ulaya na Marekani zikaingiwa na wazimu wa baiskeli, mpira ukatafutwa kama dhahabu, na katika ile iliyoitwa Nchi Huru ya Kongo watu wa Leopold wa Pili wakawalazimisha wazee wetu kuutafuta msituni kwa kiboko, kwa kufungwa wake zao, na kwa mikono iliyokatwa. Sehemu ya mpira wa baiskeli za wakati ule ililipiwa kwa damu ya Wakongo. Chombo hiki si zawadi ya mzungu kwa mtu asiyeweza kununua gari. Kama kuna watu duniani wenye haki ya kupanda baiskeli wakiwa wameinua kichwa, ni sisi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sizungumzii wale ndugu wanaosukuma makala kutoka vijiji vya mbali, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, mzigo umewazidi urefu, jasho likiwaingia machoni siku mbili au tatu. Ile ni taabu, na anayeisifu akiwa ameketi kivulini anamdhihaki mwenzake. Wala sisahau familia zilizofika Katanika zikiyakimbia mapigano ya mwaka 2016 na 2017, wengi wao kwa miguu. Kwao baiskeli iliyobeba godoro na bibi mzee haikuwa fundisho la mtu yeyote, ilikuwa ndiyo njia iliyobaki. Tena sigombani na mwendesha pikipiki wa kukodi anayewatafutia watoto wake chakula. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku apakizwe kwenye gari au, likikosekana, pikipiki, na asiwepo mtu wa kunitaja mimi kama sababu ya kumchelewesha. Hoja yangu inahusu mfuko wa unga wa kilo 10. Inahusu sabuni iliyosahauliwa.

«Njia zetu ni mchanga na tope.» Ni kweli. Katika tope la Machi pikipiki nayo huteleza, tena ikianguka huwaangusha watu wawili kwa kasi na kumwunguza mmoja mguu. Baiskeli penye mchanga unashuka, unasukuma hatua ishirini, unapanda tena. Mnaposukuma mzigo mkiwa wawili mnazungumza, na hilo nalihesabu kuwa faida.

«Baiskeli zetu ni dhaifu, huvunjika njiti.» Hapa mna haki nusu. Baiskeli nyingi za sokoni zilitengenezwa kwa kubeba mtu, na sisi tunazitwika gunia juu kabisa ya gurudumu la nyuma, kisha tunashangaa usukani unapokuwa mwepesi na gurudumu la mbele linapotaka kuruka. Mzigo mzito uwekwe chini, kando ya gurudumu, sawa pande zote mbili, na usogezwe mbele kuelekea kiti kadiri inavyowezekana. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya fito za chuma za ujenzi yenye mikono miwili ya kushikia bidoni, na miguu miwili ya kuegeshea ili baiskeli isianguke wakati wa kupakia. Njiti zikazwe mara kwa mara, siyo siku ile tu zinapolia. Huko Zambia, ng'ambo ya kusini ya ziwa letu, shirika la World Bicycle Relief limegawa baiskeli iitwayo Buffalo, ambayo chuma chake cha nyuma huchukua kilo 100. Wasichana wa vijijini walipopewa baiskeli hizo, utoro wao shuleni ulipungua kwa zaidi ya robo. Kilichobadilika ni mwendo wa kwenda na kurudi.

Wasichana. Nimesikia kwamba msichana akipanda baiskeli anavunja adabu. Nani aliandika hivyo? Anapopakatwa nyuma ya pikipiki na mwanamume asiyemjua, jioni, hakuna anayetaja adabu. Akijiendesha mwenyewe mchana kweupe na unga wa mama yake, ghafla tunakuwa walinzi wa adabu. Kama taabu ni kikwembe na lile bomba la juu la fremu, ziko baiskeli za bomba lililoinama, na fundi anaweza kulishusha. Ninachoogopa ni kwamba wengi wetu hatutaki awe na chombo ambacho hatuhitaji kumwomba atuambie amekwenda nacho wapi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikemea miji inayojaa magari yenye mtu mmoja au wawili ndani yake, na akataja matendo madogo ya kila siku kuwa njia ya kuitunza nyumba yetu ya pamoja. Wako wanaosema maneno yale yaliandikiwa Ulaya. Huenda mstari ule uliwalenga wao zaidi. Lakini tunaharakisha kuiga kile ambacho wao wanaambiwa wakiache, na hiyo si akili.

Basi kuhusu mchango wa pikipiki, nitapiga kura ya kuukataa, na nimekwisha kuwaambia viongozi wenu. Badala yake naomba fedha zilizokusanywa zinunue baiskeli mbili imara, fremu mbili za kubebea, pampu, vifaa vya kuziba mipira ya ndani na funguo za fundi. Zikae parokiani, ziandikwe katika daftari, na kila nyumba ya shirika iweze kuziazima kwa siku ya maji au ya kusaga, mama wa nyumba akiandika jina lake mwenyewe, bila kumtuma mwanawe.

Yule kijana wa kwaya amekubali kufundisha. Jumamosi ijayo, baada ya kufagia kanisa, uwanja utakuwa wazi hadi saa kumi na mbili jioni, na dada watano wamekwisha kujiandikisha. Kwa sasa tuna baiskeli yake na ya kwangu. Ya kwangu breki ya mbele haishiki vizuri. Mwenye waya wa breki nyumbani auchukue.